Testosteroni kwa wanawake: Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi

MWANAMKE wa umri wa miaka 27, mkazi wa mji wa Kimilili, amekaa katika ndoa miaka mitatu bila kupata mtoto. Hedhi yake huja mara nne au tano tu kwa mwaka. Siku hizi huamka kabla ya mumewe ili anyoe nywele zinazoota kidevuni. Anaabiri matatu hadi Kitale kupimwa damu, na karatasi ya majibu inaonyesha kwamba testosteroni yake ni 2.1. Mwezi mmoja baadaye mashemeji wanamshauri ajaribu Bungoma. Huko anapewa karatasi iliyoandikwa 60. Anarudi nyumbani akilia, akiamini kwamba homoni ya kiume imeongezeka mwilini mwake karibu mara 30.

Mwanamke huyu ni wa mfano tu, lakini masaibu yake yanaweza kumpata mwanamke yeyote anayetafuta matibabu kati ya miji hiyo miwili. Ukweli ni kwamba majibu hayo yanakaribia kulingana kabisa. Maabara ya kwanza ilihesabu kwa nanomoli katika lita moja ya damu, na ya pili ikahesabu kwa nanogramu katika desilita. Ukizidisha 2.1 kwa 28.8 utapata 60. Lau angekwenda kwa maabara ya tatu inayotumia nanogramu kwa mililita, angepewa 0.6 na pengine kushangilia kwamba amepona.

Hata hivyo, vizio hivyo ndivyo tatizo dogo zaidi. Kupima testosteroni ya mwanamke ni miongoni mwa kazi ngumu katika maabara, na mara nyingi tarakimu anayopewa mgonjwa haistahili kuaminiwa peke yake.

Si ya wanaume pekee

Watu wengi huiita testosteroni homoni ya wanaume. Jina hilo linapotosha. Kila mwanamke anayo, na anaihitaji. Kwake hutengenezwa katika ovari na katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Sehemu nyingine hutokana na kemikali ambazo mwili huzigeuza ziwe testosteroni katika mafuta, ngozi na viungo vingine. Mwili wa mwanamke huitumia pia kama malighafi ya kutengenezea estrojeni, ambayo ndiyo homoni mashuhuri ya wanawake.

Kinachotofautiana ni kiasi. Mwanamume mzima kwa kawaida huwa na kati ya nanomoli 8 na 30 katika lita moja ya damu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aghalabu huwa na kati ya 0.5 na 2.4, kutegemea kipimo kinachotumiwa. Yaani anachobeba ni sehemu ndogo sana ya kile anachobeba mwanamume, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Fikiria mizani inayotumiwa kupimia magunia ya mahindi ya kilo 90. Ikikosea kwa nusu kilo, mkulima hatalalamika sana. Lakini mtu akiitumia mizani hiyo hiyo kupima nusu kilo ya sukari, kosa lile lile litamfanya alipe pesa maradufu au apewe sukari ya bure. Vipimo vingi vya testosteroni vilivyoenea hospitalini vilifaa kiwango cha wanaume. Kwa mwanamke, vinafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wao.

Abiria wasiofaa

Ili kuelewa kosa linatoka wapi, ni vyema tujue kipimo chenyewe kinavyofanya kazi. Mbinu hii ilibuniwa mjini New York katika miaka ya 1950 na Rosalyn Yalow na Solomon Berson, walipokuwa wakichunguza homoni ya insulini. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972.

Mbinu hiyo hutumia kingamwili, yaani protini inayotambua kitu fulani na kukishika. Chukulia kingamwili hizo kuwa viti vya matatu. Mtaalamu wa maabara hutia katika damu kiasi anachokijua cha testosteroni iliyowekwa alama. Testosteroni ya mgonjwa na hiyo yenye alama hugombania viti. Ikiwa mgonjwa ana homoni nyingi, ile yenye alama itakosa nafasi na kubaki nje. Mashine huhesabu zenye alama zilizokaa, kisha hukisia wingi wa homoni ya mgonjwa.

Mbinu hii ni ya haraka, ya bei nafuu na hutumiwa kote duniani. Lakini utingo wa matatu hii hana macho makali. Katika damu mna kemikali nyingine zinazofanana na testosteroni, nazo hupenya na kuketi. Mojawapo hutoka katika tezi za adrenali na hujulikana kama DHEA-S. Mwanamke kijana anaweza kuwa na nanomoli 5,000 za kemikali hiyo katika lita moja ya damu, ilhali testosteroni yake ni 1 tu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kingamwili inadanganyika mara moja tu katika kila 10,000. Kwa DHEA-S 5,000, kosa hilo litaongeza 0.5 katika majibu. Kwa mwanamume mwenye testosteroni 20, nyongeza hiyo haina maana. Kwa mwanamke mwenye 1, majibu yatakuwa 1.5, yaani nusu zaidi ya ukweli. Anaweza kuambiwa ana homoni nyingi kumbe hana.

Hii si hofu ya kinadharia. Mwaka 2003 wataalamu wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kulinganisha vipimo 10 vya aina hii na mbinu iliyo sahihi zaidi. Kwa wanawake, vipimo hivyo vilitoa majibu yaliyozidi ukweli kwa karibu nusu, kwa wastani. Walihitimisha kwamba hakuna hata kimoja kilichotosha kutegemewa kwa wanawake na watoto. Makala iliyoandamana na utafiti huo iliuliza kama vipimo hivyo vina ubora wowote kuliko kubahatisha.

Tangu wakati huo hali imeboreka. Mwaka 2007 chama cha kimataifa cha madaktari wa homoni, Endocrine Society, kilitoa tamko la kuonya kuhusu udhaifu huo. Nacho kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikaanzisha mpango wa kulinganisha vipimo vya homoni kutoka maabara na viwanda mbalimbali ili vyote vifuate kigezo kimoja. Vipimo vipya vya kingamwili ni bora kuliko vya zamani. Hata hivyo, tofauti kati ya mashine moja na nyingine bado ipo, hasa katika viwango vya chini.

Mashine inayopima uzito

Mbinu inayohesabiwa kuwa sahihi zaidi haitegemei kingamwili. Kwanza damu husafishwa na kemikali zake hutenganishwa moja baada ya nyingine kwa kupitishwa katika mrija mwembamba. Kisha huingizwa katika mashine iitwayo spektrometa ya masi, ambayo huzivunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Kemikali inayofanana na testosteroni kwa umbo inaweza kuidanganya kingamwili, lakini ni vigumu mno iwe na uzito ule ule, ipite katika mrija kwa muda ule ule, na ivunjike vipande vile vile.

Mashine hizi ni ghali na huhitaji wataalamu waliofunzwa mahsusi. Hata katika nchi tajiri hospitali nyingi hazina. Mkazi wa Kimilili au Bungoma asitarajie kuikuta katika maabara ya karibu. Kwa kawaida sampuli za vipimo adimu hupelekwa katika maabara kubwa za mijini, na wakati mwingine nje ya nchi. Pia ifahamike kwamba mashine ya bei kubwa ikiendeshwa vibaya itatoa majibu mabaya.

Somo kutoka uwanjani

Msomaji anayefuatilia riadha huenda tayari anaifahamu homoni hii. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Mkenya Margaret Wambui alishinda nishani ya shaba katika mbio za mita 800 nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Baadaye wote watatu walifungiwa mbio hizo na kanuni za kiwango cha testosteroni walizokataa kuzifuata kwa kumeza dawa.

Kanuni za mwaka 2018 ziliweka kikomo cha nanomoli 5 kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Mwezi Machi 2023 shirika la World Athletics lilikishusha hadi 2.5 na kukitumia kwa mbio zote. Kanuni hizo zilitaka homoni ipimwe kwa spektrometa ya masi. Sababu yake ni wazi: pale ambapo pengo dogo la tarakimu linaamua kama mtu atakimbia au atakaa nyumbani, kipimo kinachoweza kuzidisha kwa nusu hakiwezi kukubalika. Kuanzia 1 Septemba 2025 shirika hilo limeanza kudai pia kipimo cha jeni kinachofanywa mara moja maishani.

Mjadala wa haki katika michezo ungali mkali na hatuwezi kuumaliza hapa. Lakini kama mwanariadha anastahili kipimo makini kabla ya kuhukumiwa, basi anastahili pia mwanamke anayeambiwa kwamba tarakimu moja ndiyo sababu ya kukosa mtoto.

Iliyofungwa na iliyo huru

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba si testosteroni yote iliyo katika damu inayofanya kazi. Sehemu kubwa hubebwa na protini iitwayo SHBG, inayotengenezwa na ini, na nyingine hushikiliwa na protini ya albumini. Iliyo huru kabisa ni asilimia 1 au 2 hivi.

Tuchukue wanawake wawili, wote wakiwa na testosteroni 1.8. Wa kwanza ana SHBG 60, wa pili ana 20. Madaktari hugawanya testosteroni kwa SHBG kisha huzidisha kwa 100. Wa kwanza atapata 3 na wa pili 9. Wa pili anaweza kuwa na chunusi na ndevu ingawa karatasi yake ya testosteroni haina tofauti na ya mwenzake. Unene wa kupindukia na insulini nyingi mwilini huipunguza SHBG. Tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni huiongeza.

Kuna vipimo vinavyodai kupima moja kwa moja testosteroni iliyo huru kwa kingamwili. Wataalamu hawavipendekezi kwa wanawake. Njia bora ni kupima testosteroni yote pamoja na SHBG, kisha kupiga hesabu.

Kabla ya kutoa damu

Makosa mengine hayatoki kwa mashine bali hutokea kabla damu haijafika huko. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia kuyaepuka kwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, pimwa asubuhi, kwa kuwa homoni hii hupanda asubuhi na kushuka jioni. Ukirudia kipimo, kirudie saa zile zile na katika maabara ile ile.

Pili, ikiwa hedhi yako hufuata mpango, siku za mwanzo za hedhi, kama siku ya pili hadi ya tano, ndizo zinazofaa. Katikati ya mwezi testosteroni huongezeka kidogo. Ikiwa hedhi huja kwa nadra, daktari atakuambia siku ya kupimwa.

Tatu, sema kama unatumia tembe za kupanga uzazi. Hizi hubadilisha majibu, na mwongozo wa kimataifa unashauri ziachwe kwa angalau miezi mitatu kabla ya kupimwa. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, na usikae muda huo bila njia nyingine ya kuzuia mimba ikiwa hutaki kushika mimba.

Nne, taja vitamini na dawa zote. Biotini, inayouzwa kwa wingi kama dawa ya kukuza nywele na kucha, inaweza kuvuruga vipimo vya kingamwili na kuifanya testosteroni ionekane kuwa juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuihusu mwaka 2017. Mara nyingi mgonjwa hutakiwa kuiacha kwa siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu.

Tano, ikiwa mume wako hujipaka dawa ya testosteroni kwenye ngozi, mwambie daktari. Inaweza kukuambukia kwa kugusana.

Kwa upande wa maabara, una haki ya kuuliza maswali. Je, ina kibali cha bodi ya wataalamu wa maabara nchini, KMLTTB? Je, imeidhinishwa na shirika la KENAS kwa kipimo hiki? Ikiwa sampuli inapelekwa mbali, damu itatenganishwa na kuwekwa kwenye baridi kabla ya safari? Karatasi ya majibu nayo ionyeshe kizio, kiwango cha kawaida kwa wanawake, na mbinu iliyotumiwa. Karatasi iliyoandikwa tarakimu tupu haimfai mtu. Usilinganishe majibu ya Kitale na ya Bungoma bila kutazama mambo hayo.

Daktari hutafuta nini?

Sababu kubwa ya testosteroni kuzidi kwa wanawake ni maradhi ya ovari yanayojulikana kwa kifupi kama PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao, hadi asilimia 70, hawajui kuwa wanayo.

Hapa ndipo tunaporudi kwa yule mwanamke wetu wa Kimilili. Kulingana na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, mwanamke mzima huhesabiwa kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyofuata mpango, dalili za homoni kuzidi, ama kwa macho ama kwa damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha, au kiwango kikubwa cha homoni ya AMH. Hedhi ya mara nne kwa mwaka ni jambo la kwanza. Ndevu ni la pili. Baada ya daktari kuhakikisha kwamba hana maradhi ya tezi ya shingo, homoni ya maziwa iliyozidi au hitilafu ya adrenali, jibu limepatikana. Hakuhitaji kabisa tarakimu ya testosteroni iliyomliza, wala kulipa nauli ya mara mbili.

Zaidi ya hayo, wakati akihangaika na tarakimu, mambo ya muhimu yalikuwa yakingoja. Hedhi inayokosekana kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo inahitaji kutibiwa, kwa kuwa ngozi ya ndani ya kizazi inaweza kuwa nene na baada ya miaka mingi ikaleta saratani. Sukari na shinikizo la damu zilifaa kupimwa, maana PCOS huandamana na kisukari. Na kwa wanaotafuta mtoto ipo tiba: dawa ya kwanza inayopendekezwa ya kuliachilia yai ni letrozole, chini ya uangalizi wa daktari.

Naye mume alipaswa kupimwa mbegu zake tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani, na sababu inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Kumtuma mke peke yake kutoka maabara hadi maabara ni kupoteza wakati na kumdhulumu.

Kipimo cha damu kina nafasi yake pale dalili hazionekani wazi, au daktari anaposhuku ugonjwa mwingine. Kuna hali ambayo haifai kusubiri: sauti ikikwaruza na kuwa nzito, nywele za kichwa zikinyonyoka kama za mwanamume, misuli ikikua na ndevu zikitokea kwa ghafla katika muda wa miezi michache. Hizo zinaweza kuwa dalili za uvimbe katika ovari au adrenali. Kiwango kinachozidi 5 huongeza shaka hiyo. Mgonjwa wa namna hii apelekwe haraka kwa daktari wa rufaa.

Kinyume chake, usikubali kuuziwa dawa kwa sababu umeambiwa testosteroni yako iko chini. Wataalamu wa mashirika mbalimbali ya kimataifa walikubaliana mwaka 2019 kwamba hakuna kiwango cha damu kinachoweza kuthibitisha kwamba mwanamke amepungukiwa na hamu ya tendo la ndoa kwa ajili ya testosteroni. Anayekupima na kukuuzia tembe papo hapo anatazama mfuko wako.

Kwa hivyo, ukipewa karatasi ya majibu, kwanza tazama kizio, kisha kiwango cha kawaida cha wanawake, kisha mbinu. Ikiwa majibu hayalingani na hali unayoiona mwilini mwako, omba kipimo kirudiwe. Na ukienda kwa daktari, beba pia tarehe za hedhi zako za miezi sita iliyopita zilizoandikwa kwenye daftari. Daftari hilo la shilingi chache huenda likamfaa daktari kuliko karatasi ya maabara.